Simu inaniletea wateja, na simu hiyo hiyo inaniharibia kazi

Mpendwa Mshauri, shikamoo.

Mimi ni fundi cherehani, mwanamke mwenye umri wa miaka 36, mkazi wa Ngamiani hapa Tanga. Nimefungua fremu mbele ya nyumba tunayoishi, nina vyerehani viwili na mashine ya ovaloki, pamoja na msichana mmoja ninayemfundisha kazi. Nashona magauni ya vitenge, sare za harusi na sare za shule. Kazi ninaijua na wateja hawajapungua; kinachonishinda ni kuituliza akili yangu juu ya nguo moja mpaka nikaimaliza.

Nikishika mkasi, simu inaita. Nisipoipokea, nabaki nikijiuliza ni nani. Nikiipokea, mara nyingi ni mteja anayetaka kujua nguo yake imefikia wapi. Nikimaliza kuzungumza naye nakuta jumbe za WhatsApp zimejaa: kikoba, wazazi wa darasa la mwanangu, kamati ya harusi ya binamu yangu, mafundi wenzangu. Wateja nao hunitumia picha za mishono, nami huingia mtandaoni kutafuta picha inayoonyesha shingo au mkono vizuri zaidi, na nikija kuzinduka nimekwisha kutazama mishono isiyomhusu mteja yeyote, na mkaa wa pasi umekuwa majivu.

Mfunguo Mosi uliopita nilikata gauni huku simu nimeibana baina ya sikio na bega. Nikakata mikono yote miwili ya upande mmoja. Kitenge kilichobaki hakikutosha kukata mkono mwingine, na duka alikokinunua mteja halikuwa tena na maua yale. Nilimlipa.

Jambo jingine ni kwamba fremu yangu iko njiani, na majirani hupita kunijulia hali, wakakaa. Siwezi kuwafukuza, kwa kuwa ndio walionisitiri nilipofiwa na baba. Mume wangu ananishauri niizime simu mchana kutwa. Nilijaribu, na matokeo yake nikaikosa kazi ya sare za harusi nzima, maana mwenye shughuli alinitafuta asinipate, akampa fundi mwingine. Isitoshe, mama yangu yuko Muheza na anaugua shinikizo la damu, hivyo simu ikiwa imezimwa sina raha.

Kinachonishinda mchana nakifidia usiku, nikishona hadi saa 6 au saa 7, na asubuhi naamka mwili mzito. Kwenye kamba pananing'inia nguo nyingi zilizoshonwa nusu, na kila siku naanza na ile ambayo mwenyewe amenigombeza mara ya mwisho. Shoga yangu mmoja ameniambia huenda huu ni ugonjwa. Je, ni kweli? Na kama si ugonjwa, nifanye nini ili niwe na moyo wa kushikilia jambo moja?

Wako,
Fundi wa Ngamiani

*

Marahaba, mwanangu.

Nianze na hofu ya ugonjwa, kwa sababu ndiyo ya kuondolewa kwanza. Yapo kweli maradhi ya akili kushindwa kutulia, na watu wazima wanayo, lakini dalili zake huanza utotoni, kabla ya mtu kufikisha miaka 12, na humfuata kila mahali: darasani, nyumbani, sokoni na hata katika mambo anayoyapenda. Ukiutazama utoto wako ukaona ulikuwa hivyo hivyo tangu shule ya msingi, nenda ukaonane na daktari. Hapo Tanga unaweza kuanzia hospitali ya rufaa ya mkoa ya Bombo. Hata hivyo, mtu aliyejifunza ufundi hadi akaweza kumfundisha mwenzake, na ambaye tabu yake inakaa ndani ya fremu moja na katika saa za kazi, mimi namwona ni mtu aliyezidiwa na mpangilio mbaya wa kazi. Kwa hiyo sitakufundisha namna ya kuwa na moyo thabiti. Moyo wako ni thabiti vya kutosha. Mtu legelege hashoni hadi saa 7 usiku.

Katika barua yako umelalamikia simu mwanzo hadi mwisho, lakini umeandika sentensi moja ambayo naona umeipita upesi mno. Umesema kwamba ukiipokea simu, mara nyingi unamkuta mteja anayetaka kujua nguo yake imefikia wapi. Jiulize kwa nini anapiga. Mteja aliyeambiwa nguo itakuwa tayari Alhamisi, naye anajua kwa uzoefu kwamba Alhamisi ya fundi huyu ni Alhamisi kweli, hana sababu ya kupiga Jumatatu, Jumanne na Jumatano. Anayepiga ni yule aliyeambiwa "njoo kesho" akaja, akaambiwa tena "njoo kesho kutwa". Sehemu kubwa ya usumbufu unaokukatiza kazi haikutoka nje ya fremu yako: imezaliwa na tarehe ulizozitoa bila kuzipima. Unachelewa kwa sababu unakatizwa, na unakatizwa kwa sababu umechelewa, na hakuna programu ya kufunga simu itakayouvunja mzunguko huo.

Ubaya wa pili umo katika maneno yako kuhusu nguo unayoanza nayo asubuhi. Ukianza na ya yule aliyekugombeza mwisho, maana yake siku yako inapangwa na wateja, na inapangwa na wakali miongoni mwao. Yule mpole anayengoja kimya anasukumwa nyuma mpaka naye ajifunze ukali. Wahenga waliosema ahadi ni deni hawakusema deni la mwenye sauti kubwa ndilo lilipwe kwanza.

Kwa hiyo dawa ya kwanza ni daftari. Najua unalo la vipimo, lenye kifua, kiuno, nyonga na urefu wa kila mteja. Ninalolisema mimi ni jingine, lenye kila kazi iliyomo mkononi mwako, tarehe uliyoahidi, hatua iliyofikia (haijakatwa, imekatwa, imeunganishwa, imebaki zipu na pindo) na fedha iliyobaki kulipwa. Kazi zipangwe kwa tarehe ya kutolewa, na asubuhi uanze na ya juu, hata kama mwenyewe hajawahi kukupigia simu. Mteja mpya akija, usimtajie siku kabla ya kulifungua daftari hilo mbele yake. Wanasaikolojia wawili wa Marekani, E. J. Masicampo na Roy Baumeister, walichapisha mwaka 2011 majaribio yaliyoonyesha kwamba jambo ambalo mtu hajalimaliza huendelea kumwingilia akilini anapojaribu kufanya jambo jingine, lakini akishaliandalia mpango ulio wazi, yaani atalifanya lini na vipi, muingilio huo hutulia ingawa jambo lenyewe bado halijafanywa. Gauni lililoandikiwa "Jumatano asubuhi, kutia zipu" halitakusumbua sana Jumatatu unapokata suruali.

Sambamba na hilo, punguza nguo za nusu kwenye kamba. Mafundi wengi hukata nguo ya mteja mapema ili akija aone kazi imeanza, naye aridhike arudi nyumbani. Naielewa hila hiyo, lakini inakugharimu. Mtafiti Sophie Leroy alieleza mwaka 2009 kwamba mtu anayeiacha kazi katikati na kushika nyingine huiendea ya pili akiwa na mabaki ya mawazo ya ile ya kwanza, na utendaji wake hupungua. Mwenye nguo nyingi zilizokatwa hubeba mabaki mengi ya namna hiyo. Kata kile tu utakachokishona leo au kesho. Sare zina hesabu yake, kwa kuwa ni afadhali kuzikata kwa pamoja. Ila hata hizo zikishakatwa, zifungie kila moja mfuko wake, uandike jina juu, uziweke kabatini, zisikutazame kutoka kwenye kamba.

Sasa tuje kwenye simu yenyewe. Mumeo amekutakia mema, lakini ushauri wake unamfaa mtu ambaye simu kwake ni burudani. Kwako ni mlango wa duka, na duka halifungwi mchana kutwa kwa sababu mwenye duka anataka utulivu. Linalowezekana ni kuitenganisha saa ya kuuza na saa ya kukata. Yule mwenye harusi uliyemkosa hakukukimbia kwa sababu ulichelewa kumjibu kwa saa mbili; alikukimbia kwa sababu hakupata jibu lolote, na mtu mwenye shughuli akikosa jibu hudhani fundi amesafiri au ameacha kazi.

Nunua kitochi, hata kilichotumika, na laini mpya. Namba hiyo wapewe watu wachache mno: mama yako na anayekaa naye Muheza, mumeo, na mwalimu wa darasa la mwanao. Hiki kikae juu ya meza ya kukatia, kikiita upokee bila kusita. Simu kubwa ihamie chumba cha ndani, au ishikwe na mwanafunzi wako saa unazokata. Msichana huyo anajifunza kushona tu, lakini siku atakapofungua fremu yake atahitaji pia kujua kuzungumza na mteja, basi aanze sasa: apokee, aandike jina, namba na haja ya mtu, aseme fundi atapiga saa 7 mchana. Na saa 7 upige kweli, kwa sababu usipopiga utakuwa umeanzisha "njoo kesho" nyingine.

Ikiwa kitochi hakiwezekani kwa sasa, simu uliyonayo inaweza kufanya sehemu ya kazi hiyo. Katika mipangilio yake kuna sehemu ya Usinisumbue, ambayo hunyamazisha kila kitu isipokuwa namba ulizozichagua, na inaweza pia kumruhusu mtu yeyote anayepiga mara ya pili ndani ya muda mfupi, kwa kuwa arudiaye kupiga upesi huenda ana dharura. Kwa upande wa jumbe, WhatsApp Business, iliyotolewa mwaka 2018 kwa ajili ya wafanyabiashara wadogo, haitozwi fedha, na inakuruhusu kuandika mara moja ujumbe utakaotumwa wenyewe katika saa ambazo haupo. Andika wazi: "Asante kwa kuwasiliana. Saa hizi ninakata nguo. Nitakujibu saa 7 mchana au saa 11 jioni." Usizime data, kwa sababu ujumbe huo hautoki simu ikiwa nje ya mtandao. Makundi yote yanyamazishwe daima na kuhifadhiwa kando, likiwemo la kamati ya harusi. Mwombe katibu wa kamati akupigie pakiwa na jambo linalokuhusu wewe hasa. Kwenye kamati za harusi, kama unavyojua, jumbe nyingi ni za kupongezana waliotoa mchango.

Kuhusu kuchungulia mishono mtandaoni, sina la kusema refu: mteja mwenyewe ndiye alete picha, tena akiwa amekaa mbele yako, mkubaliane juu ya shingo, mkono na urefu, uichore kwenye daftari la vipimo. Fundi mwenye mchoro wake hana sababu ya kurudi kwenye simu kutafuta picha iliyo bora zaidi.

Ninalotaka kukaa nalo zaidi ni mkasi. Kazi za ushonaji hazidai umakini ulio sawa, na kosa lako, kama la wengi, ni kuzipa zote mazingira ya aina moja. Mshono uliokwenda kombo hufumuliwa. Pindo lililopinda hurudiwa. Lakini kitenge kikishapitiwa na mkasi hakirudi, na ukikata maua yakaangalia chini, au mikono ikawa ya upande mmoja kama ilivyokutokea, hakuna ufundi wa kuficha. Kwa hiyo kupima, kuchora kwa chaki na kukata vipewe saa yako bora, ambayo kwa watu wengi ni asubuhi, watoto wakiwa shuleni na majirani wakiwa bado wanafagia nyua zao. Tuseme kuanzia saa 2 hadi saa 4 na nusu. Katika saa hizo hakuna simu kubwa, hakuna redio yenye mazungumzo, na mwanafunzi asiulize swali mpaka mkasi uwekwe chini. Kabla ya kukata mikono, vilaze vipande vyote viwili vya kitambaa uso kwa uso na useme kwa sauti, "kulia, kushoto." Watu wanaweza kucheka, lakini rubani wa ndege naye husoma orodha yake kwa sauti kabla ya kuruka, na wala si kwa kuwa amesahau kazi.

Baada ya kukata huja kuunganisha, kuweka kola, bitana na zipu, kazi zinazohitaji macho lakini zinazovumilia kukatizwa kidogo. Hapa utaambiwa na watu utumie ile mbinu ya kufanya kazi dakika 25 na kupumzika 5, aliyoianzisha Mwitaliano Francesco Cirillo miaka ya mwisho ya 1980 kwa kutumia saa ya jikoni yenye umbo la nyanya. Kwa mwanafunzi anayesoma kitabu huenda inafaa. Kwako siipendi, kwa sababu kengele italia kola ikiwa imebanwa pini nusu, na kola haijui dakika. Nguo ina vituo vyake: bega limeungwa, mkono umetiwa, zipu imekaa. Jiwekee kanuni kwamba hutanyanyuka, hutageuka wala hutagusa chochote kabla ya kufika kituo kinachofuata. Akija mtu katikati, mkono mmoja ukiwa kwenye kitambaa, "Karibu, dada, nifikishe huu mkono, nakuja" ni jibu la adabu kabisa, na mtu mzima yeyote aliyewahi kukaa kwa fundi ataliheshimu.

Majirani nao wanaingia hapo. Nakupongeza kwa kukataa kuwafukuza. Fremu isiyopitiwa na watu ni fremu isiyo na habari, na nusu ya wateja wako bila shaka wameletwa na maneno ya hao wanaokaa. Unachohitaji ni kuwapa saa yao na kiti chao. Hesabu kazi unazozifanya kwa mkono: kupinda pindo, kushona vifungo, kukata nyuzi, kupiga pasi. Hizi ziwekwe alasiri, kuanzia saa 9, wakati ambao watoto wamerudi na baraza limechangamka, maana mdomo na sindano havigombani. Kisha tazama kiti cha wageni kiko wapi. Ninavyozijua fremu za mafundi, huwa kando ya meza ya kukatia, kwa sababu ndipo penye nafasi. Kihamishie mlangoni upande wa kivulini, na meza iende ndani, wewe ukikata ukiwa umeipa mgongo barabara. Asiyeyaona macho yako hakusimamishi kwa salamu ndefu. Atapita akupungie, au atabisha hodi, na hodi unaweza kuijibu ukiwa tayari.

Usiku uache. Sikuambii hivi kwa huruma peke yake. Gloria Mark wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, pamoja na wenzake, walionyesha mwaka 2008 kwamba watu wanaokatizwa kazini huweza kumaliza kazi hata upesi zaidi, kwa kuongeza kasi, lakini wanalipa kwa msongo, kero na kujitutumua zaidi. Ndivyo ulivyo: nguo zinatoka, wewe ndiye unayechakaa, na akili iliyolala saa chache ndiyo ya kwanza kukimbilia simu asubuhi kwa kutafuta kitu chepesi. Weka kikomo cha saa 3 usiku. Wiki za kwanza utaona kazi inabaki, nayo ibaki. Ukipambana nayo usiku hutajua kamwe siku yako ina uwezo wa kubeba nguo ngapi, na bila kuujua uwezo huo tarehe zako zitaendelea kuwa za kukisia.

Yote haya hayataanza vizuri ikiwa madeni ya zamani yanakungoja. Jioni ya leo, kabla ya kununua daftari wala kuhamisha kiti, shusha nguo zote kwenye kamba, uziandike, kisha uwapigie wenyewe mmoja mmoja kabla hawajakupigia. Usieleze sana kilichokuchelewesha. Waambie umechelewa, uwape tarehe mpya iliyo mbali kidogo kuliko unavyodhani inahitajika, na uwaulize kama nguo ni ya shughuli iliyokaribia. Mwenye harusi ya wiki hii atangulie, wa sikukuu ya mwezi ujao afuate. Wapo watakaotaka kitambaa chao kirudishwe. Warudishie pamoja na fedha waliyotanguliza, kwa maana kila nguo inayoondoka ni simu kadhaa zisizopigwa. Na mpaka orodha hiyo iishe, mteja mpya akija mwoneshe daftari, mtajie siku ya kweli hata ikiwa ni mwezi na nusu mbele, naye aamue mwenyewe kama atangoja au ataenda kwa fundi mwingine.